Vitabu Visivyobaki Mezani

Ukutani mwa Chumba cha Rejea, ghorofa ya juu ya maktaba ya chuo kikuu kimoja pale Ifakara, pana kibao chenye maandishi mekundu: USIRUDISHE KITABU KWENYE RAFU. KIACHE MEZANI. Na chini ya kibao hicho, kwa miaka kumi na minane, ameketi mwanamke ambaye kazi yake kubwa imekuwa kuwafundisha watu wafanye kinyume chake.

Jina lake Restuta, ila ukimwulizia kwa jina hilo utazungushwa chuo kizima. Mwulizie Mama Joachim, utaoneshwa ngazi. Ni mzaliwa wa Lupiro, ng'ambo ya mto, binti wa Wapogoro wakulima wa mpunga, na aliingia Ifakara enzi za kivuko, daraja likiwa bado ni maneno ya kampeni. Chuo kilimwajiri kufagia. Alifagia maktaba miaka minne, na katika kufagia huko akagundua kwamba namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu si mapambo. Kila kitabu kina kwao, na kikilala kwa jirani kimepotea. Mzee Tadei, mkutubi wa wakati huo, alimkuta siku moja ufagio uko kwapani, anatoa kitabu cha uuguzi kati ya vitabu vya macho na kukirudisha kwao. Mwaka uliofuata akampigania mpaka akapelekwa Bagamoyo kusomea cheti cha ukutubi.

Aliporudi alipewa meza, kiti na Chumba cha Rejea, chumba ambacho vitabu vyake haviazimwi, husomwa hapohapo. Siku hiyohiyo akaapa kwamba tambara hatalishika tena. Kufuta vumbi ni kazi ya wafagizi, na wafagizi hupanda kule juu mwisho wa muhula, wakikumbuka. Wapo waliomwona ana maringo. Mimi nasema mtu aliyefagia miaka minne ana haki ya kuringia meza yake.

Sasa hicho kibao. Waliosomea maktaba wanajua kina sababu mbili. Ya kwanza, msomaji akirudisha kitabu mwenyewe atakiweka pasipo pake, na kukitafuta itakuwa kazi ya wiki. Ya pili, kila jioni mhudumu huhesabu vitabu vilivyoachwa mezani na kuandika idadi kwenye daftari, na hiyo ndiyo njia pekee ya ofisi kujua vitabu vingapi vimesomwa siku hiyo. Mama Joachim sababu ya kwanza aliijua na kuidharau. Ya pili alifundishwa Bagamoyo, akaisahau, kama tunavyosahau masomo mengi ambayo hayajawahi kutuuma.

Yeye alikuwa na sababu yake. Chuo kinafundisha watu wa afya, manesi na madaktari, na Mama Joachim aliwatazama wanavyotupa vitabu mezani na kuondoka, akajiuliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyekuwa amejiuliza: nesi asiyejua kukirudisha kitabu kwao, chupa ya dawa ataiweka wapi? Basi wiki ya kwanza ya kila mwaka mpya aliwakamata wageni mmoja mmoja. Soma namba. Tafuta rafu. Linganisha na jirani wa kushoto, linganisha na wa kulia. Ukikosea anakuita ukiwa umeshafika katikati ya ngazi, mbele ya wenzako, unarudi kukitoa na kukiweka tena. Walinung'unika mwezi mmoja. Mwezi wa pili mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

Kwa hiyo jioni za Mama Joachim zilikuwa na meza safi. Alifungua daftari, akahesabu vilivyoachwa na wageni au wagonjwa wa usahaulifu, akaandika: vitatu, viwili, vinne. Na huku ndiko kulikokuwa na kosa lake, kosa ambalo sidhani kama lingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa mtu wa maktaba anayeipenda kazi yake kupita kiasi. Namba zile ndogo aliziona ni heshima yake. Kadiri zilivyopungua ndivyo alivyojua amefundisha vizuri. Siku aliyoandika sifuri aliendesha baiskeli mpaka nyumbani, mtaa wa Kibaoni, akiimba wimbo wa kwaya.

Daftari hilo lilipelekwa ofisini kila mwezi, na kila mwezi halikusomwa na mtu, mpaka alipokuja Aikande.

Aikande alitoka Moshi na shahada mbili, mkutubi mkuu mpya, kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Mama Joachim wa mwisho. Si mtu mbaya. Alikuwa anatangulia kuamkia, shikamoo mama, hata kama ni yeye bosi, na alisoma madaftari yote ya miaka mitano nyuma, jambo ambalo halikuwahi kulipata daftari lolote pale. Mwishoni mwa mwezi wa tano alimwita Mama Joachim ofisini, akamkaribisha kiti, akamweleza kwa upole. Chumba cha Rejea kinachukua robo ya jengo. Kwa mujibu wa daftari, vitabu vinavyosomwa mle ni vitatu kwa siku. Uongozi unataka chumba cha kompyuta. Ana mwezi wa sita mzima; namba zisipopanda, vitabu vitaingia kwenye maboksi, naye atahamishiwa mabwenini kugawa funguo na magodoro. Cheo kilekile, kazi nyepesi zaidi, alisema Aikande, kama mtu anayetoa habari njema.

Mama Joachim alielewa palepale. Alielewa mpaka masikio yakapiga kelele. Miaka kumi na minane alikuwa akiiandikia ofisi, kwa mkono wake na kwa fahari, kwamba chumba chake hakina kazi.

Angeweza kusema palepale, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini kusema kulimaanisha kukiri kwamba amevunja sheria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kichwa chake, na kwamba kila namba aliyowahi kuipeleka haikuwa na maana. Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, ila nani anapenda kuvua mbele ya bosi mpya? Alisema ameelewa, madam, akatoka.

Mabwenini si jehanamu. Kuna kivuli na kuna umbea wa kutosha. Ila Mama Joachim hakukaa miaka yote ile kwa ajili ya kiti. Mwaka juzi alimpeleka mama yake hospitali, na daktari kijana aliyewahudumia alipomaliza kuchoma sindano alisoma maandishi ya ile chupa, akaangalia trei, akairudisha kwenye tundu lake halisi, kisha akamgeukia Mama Joachim na kucheka. Alikuwa mmoja wa wale aliowaita wakiwa katikati ya ngazi. Siku ile alijisikia amelipwa kwa miaka yote, na hakuwa na mtu wa kumsimulia ambaye angeelewa.

Alimsimulia shida yake Wendelin, wakati wa chai. Wendelin ndiye mhudumu wa ukumbi mkubwa wa chini, mtu wa Mahenge, mwenye tumbo la amani na namba nzuri ajabu: vitabu themanini kwa siku, tisini, siku za mitihani mia moja na kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamalizia kitumbua chake, akasema ashuke kwake jioni. Ilikuwa karibu saa ya kufunga siku hiyo alipomwonesha. Alipita kwenye rafu kama mtu anayechuma mboga, akachomoa hapa na pale, akatandaza mezani. Themanini na nne. Akaandika.

Usimhukumu haraka. Huyu Wendelin zamani alikuwa akishona vitabu vilivyochanika kwa uzi wake mwenyewe. Miaka kumi iliyopita alihesabu kwa haki, akasemwa mbele ya mkutano kwamba ukumbi wake umelala na yeye amelala. Hakuna aliyetaja vitabu alivyoshona.

"Dada Resti, tangu siku ile niliacha kuhesabu vitabu," alimwambia, "nikaanza kuhesabu siku za kustaafu. Imebaki miaka miwili."

Mama Joachim alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimtisha kidogo, maana alijiona na yeye anaweza kufika huko. Alimshukuru, akasema mkono wake hautanyanyuka kufanya vile. Wendelin akasema mkono ni mazoea tu.

Basi akajaribu njia ya halali. Aliwatangazia wanafunzi kwamba kuanzia siku hiyo vitabu viachwe mezani. Walimtazama kama amepatwa na homa. Na mazoea yana taabu: wa mwaka wa tatu walimaliza kusoma, wakasimama, na kabla hawajakumbuka mkono ulishafika kwenye rafu. Wengine walikumbuka, wakaviacha, kisha wakarudi kutoka mlangoni kwa sababu roho haikutulia. Namba ikapanda hadi tisa. Siku nyingine kumi na moja. Mwezi ukawa unakwisha, na mtu aliyetumia miaka kumi na minane kuwazoesha watu jambo jema alikuwa hajui namna ya kuwaachisha kwa wiki nne.

Kati ya wanafunzi hao alikuwepo Eveline, wa uuguzi mwaka wa tatu, binti wa Uchindile asiyependa jambo lisilo na sababu. Mama Joachim alipokataa kumwambia sababu, aliteremka akamwuliza Wendelin. Wendelin akamwaga yote.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi Mama Joachim aliomba ruhusa ya mchana kwenda kumzika jirani. Wendelin akamshikia chumba. Ijumaa asubuhi alipanda ngazi, akafungua mlango, akasimama.

Meza hazikuonekana. Vitabu vilipangwa juu ya vitabu, juu ya viti, juu ya dirisha, juu ya meza yake mwenyewe. Palikuwa na vitabu vya uuguzi na vya upasuaji, na palikuwa pia na kitabu cha ufugaji wa nyuki, na kimoja cha matengenezo ya trekta kilicholetwa na wafadhili wasiojulikana, ambacho hakijawahi kufunguliwa na kiumbe. Katikati ya rundo karatasi yenye mwandiko wa Eveline: Mama, tumesoma sana jana.

Alikaa, akalia. Hawa watoto walimpenda; hakuwa amewahi kuuona upendo huo umepangwa mbele yake hivi, na ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Kisha alifuta macho na kuanza kuhesabu, kwa sababu yeye ni mtu wa kuhesabu. Mia tatu na kumi na viwili. Wendelin alipanda kumtazama, akiwa na uso wa mtu aliyefanya wema.

"Andika, dada Resti," alisema. "Mungu amekuletea."

Aliandika. Mia tatu na kumi na viwili, kwa wino. Aliitazama namba hiyo, na ikamwokoa kwa muda wa kama dakika mbili. Ingetosha. Aikande angeona namba imepanda, uongozi ungeridhika, na yeye angebaki na chumba chake. Kisha alimfikiria Eveline na wenzake, kwamba mwakani watakuwa wodini, wamesimama mbele ya jedwali la mgonjwa ambalo halijajazwa, zamu imekwisha na kipimajoto kiko mbali. Wataandika joto ambalo hawakulipima. Kwa nini wasiandike? Walishatengeneza namba ya uongo kwa ajili ya mtu wampendaye, na mtu huyo akaipokea.

Hasira ikampanda, na haikuwa juu yao. Alinyanyua kitabu cha nyuki akirudishe kwao, na kidole chake kikatoka na vumbi jekundu. Ni msimu wa kutoa mpunga shambani. Matrekta madogo ya pawatila na malori hupita barabarani kutwa nzima, na vioo vya madirisha yale havijawahi kufunga sawasawa. Kitabu kikisimama wiki tatu bila kuguswa kinavaa kofia ya vumbi. Aliangalia kichwa cha kitabu cha uuguzi, ule ukingo wa juu wa kurasa. Kisafi. Akaenda kwenye rafu zilizobaki, akapitisha kidole juu ya magonjwa ya kitropiki, juu ya wajawazito, juu ya madawa. Safi, safi, safi. Mle ndani hapakuwa na mtu aliyefuta vumbi tangu mwezi wa pili. Vitabu vile vilikuwa vikifutwa na mikono iliyovifungua.

Alikata namba yake mstari mmoja, akachukua kitabu cha nyuki mkono mmoja na cha uuguzi mkono wa pili, daftari akalibana kwapani, akateremka. Wendelin alimwuliza anakwenda wapi. Alizidi kuteremka, na si kwa kiburi. Alijua akifungua mdomo atarudi nyuma.

Ofisini alikataa kiti. Alieleza yote akiwa amesimama: kibao, wiki ya kwanza, ngazi, meza safi, fahari ya sifuri, mia tatu na kumi na viwili. Alipomaliza alimwonesha Aikande vichwa vya vile vitabu viwili. Aikande akainuka, akapanda naye juu, akapita rafu baada ya rafu na kidole chake, huku akikitazama kila mara. Ilimchukua karibu nusu saa.

"Na ukumbi wa chini nikienda na kidole hiki nitakuta nini?" aliuliza.

"Ya chini mwulize mwenye chini, madam. Mimi nimekuja kusema yangu."

Aikande alimtazama, akaliacha hilo. Akauliza kwa nini miaka yote hakusema. Mama Joachim akajibu kwamba alikuwa akiulizwa namba, hakuulizwa kazi.

Basi Aikande akatoa uamuzi, na ulikuwa wa haki. Atauandikia uongozi kwamba chumba kinasomwa na kisiguswe. Kosa la daftari litabaki kati yao wawili. Ila kuanzia Jumatatu kibao kifuatwe: wanafunzi waache vitabu mezani, hakuna kuwafundisha kurudisha, na namba ziwe namba. Hapo mtu mwingine yeyote angepiga magoti kushukuru. Mama Joachim alikuwa amepata chumba, kiti, meza, vyote alivyoogopa kupoteza kwa mwezi mzima. Alivitazama vitu hivyo akaona vimebaki kuwa mbao.

"Basi nipeleke mabwenini, madam," alisema.

Aikande alidhani hakusikia vizuri. Mama Joachim akarudia, kwa adabu. Alisema hawezi kukaa mle akitazama vijana wakitupa vitabu na kwenda zao, kisha yeye ndiye avirudishe; kwamba hiyo ni kazi ya kufagia, na kufagia alishamaliza. Alieleza habari ya nesi na chupa yake ya dawa. Alisimulia hata habari ya daktari na trei, ambayo hakuwa amemsimulia mtu.

Chini barabarani bajaji ilikuwa ikipiga honi. Mama Joachim akasema jambo moja la mwisho, ambalo hakuwa amelifikiria mpaka lilipomtoka: kila kitabu kina karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma, tupu. Mwanafunzi akirudisha kitabu na apige mstari mmoja wa penseli. Mwisho wa mwezi wahesabu mistari.

"Si ndio hawahawa waliotudanganya jana?" Aikande alisema.

"Ndio hawahawa. Leo kabla ya jioni nitawaambia kwamba nimeikata namba yao, na kila mmoja atarudisha alichokitoa. Ukitaka, njoo usimame hapo mlangoni uwaangalie."

Aikande aliketi kwenye kiti cha msomaji kilichokuwa karibu, akasogeza rundo la vitabu kwa kiwiko ili apate nafasi, akafungua kijitabu chake cha kuandikia mahitaji ya ofisi.

"Penseli ngapi zitatosha, mama?"

Miaka kumi na minane mle ndani, na minne ya ufagio, alikuwa ameulizwa kwa nini amechelewa, funguo ziko wapi, ripoti itakuja lini. Anachohitaji hakuwa ameulizwa na mtu hata mara moja. Ilibidi ageukie dirisha kwanza. Kisha akasema kumi na mbili, na Aikande alipoanza kuandika akamsahihisha: ziwe ishirini, maana vijana huzichomeka masikioni wakaondoka nazo.